Geji za Land Rover Series III zinaposema uongo: anzia kwenye stabilaiza

Nilikuwa napanda mlima Kitonga na 109 yangu (Land Rover ndefu), mshale wa joto ukagota kwenye nyekundu. Nikasimama, nikafungua boneti: rejeta imetulia, hosi hazijavimba. Wakati huo nilishabadilisha themostati, sensa, hata geji yenyewe. Nilichokuwa sijakiona ni geji ya mafuta iliyo pembeni yake, ambayo tangu Morogoro ilionyesha tenki limejaa wakati sikuwa nimejaza. Geji mbili zikikosea pamoja, tena zote kwa kuzidisha, tafuta mahali zinapokutana.

Zinakutana kwenye stabilaiza, kiboksi kidogo cha bati nyuma ya dashibodi. Kwenye Series III (1971 hadi 1985) geji ya mafuta na ya joto hazipewi umeme wa betri moja kwa moja. Stabilaiza hukata na kuachia volti 12 mara kwa mara ili wastani uwe volti 10. Ndani mna utepe wa metali mbili uliozungushiwa waya wa kupasha: ukipata moto unapinda na umeme unakatika, ukipoa unarudi. Waya huo hupata ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi ya gari) kupitia bati la kiboksi. Ethi ikifa, utepe haupati moto, haukati, na geji zote mbili zinasoma juu. Kwangu ilikuwa kutu chini ya skrubu moja tu, na nilishamaliza hela kwenye vifaa vizima.

Hatua ya 1: tazama kabla ya kufungua. Washa swichi bila kupiga stata. Mishale ya geji hizi hupanda polepole, usiihukumu haraka. Zote mbili zikisoma juu, shuku stabilaiza na ethi yake. Zote zikilala, angalia fyuzi na waya wa kijani unaoleta umeme. Ikiwa moja tu ndiyo mbovu, iache stabilaiza, nenda hatua ya 4.

Hatua ya 2: safisha ethi. Toa waya wa hasi kwenye betri. Fungua skrubu za paneli, chomoa kebo ya spidometa, vuta paneli taratibu. Piga picha ya nyaya zilivyokaa. Kwangua kwa msasa sehemu stabilaiza inapogusa bati mpaka ing'ae. Mimi huongeza waya mweusi kutoka kwenye kiboksi hadi kwenye bodi, kwa sababu gari la umri huu kutu haimalizwi na msasa.

Hatua ya 3: pima. Rudisha betri, washa swichi. Mguu wenye herufi B uwe na volti 12 zilizotulia. Kwenye mguu wenye herufi I weka taa ndogo ya kupimia: ipe sekunde kadhaa, ianze kuwaka na kuzima. Ikiwaka moja kwa moja na ethi ni safi, utepe umeganda. Isipowaka kabisa, haipitishi. Kwa hali zote mbili, badilisha stabilaiza.

Hatua ya 4: geji moja. Kwa joto, chomoa waya wa sensa kwenye injini (kijani wenye mstari wa bluu, kama nyaya hazijaguswa), uguse kwenye bati. Mshale ukipanda hadi mwisho, geji na waya ni vizima, sensa ndiyo mbovu. Utoe waya kwenye bati mara moja, usiunguze geji. Kwa mafuta ni hivyo hivyo na waya wa kijani wenye mstari mweusi, ila funga waya kwenye ethi kwanza swichi ikiwa imezimwa, ndipo uwashe. Ukimaliza, zima swichi kabla ya kuufungua. Cheche karibu na tenki ni hatari ya kweli. Wala usiipe floti (sensa ya mafuta iliyo kwenye tenki) volti 12 moja kwa moja.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, asante kwa somo. Tenki nikijaza, geji inaishia nusu. Joto linasoma vizuri.*

Basi stabilaiza ni nzima. Funga waya wa muda kutoka kwenye bati la floti hadi kwenye chasisi, swichi ikiwa imezimwa. Mshale ukipanda zaidi, ethi ya tenki ndiyo mbovu. Usipopanda, chomoa waya upime floti kwa mita: tenki tupu isome karibu omu 240, likijaa ishuke hadi 20 au 30 hivi. Ikikwama katikati, ing'oe: mkono umepinda au boya limeingiwa na mafuta.

*Fundi, stabilaiza ya zamani siipati. 7810 inafaa?*

Inafaa, kaka. Ni kidhibiti volti kidogo cha kielektroniki chenye miguu mitatu. Inatoa volti 10 zilizotulia, na mguu wake wa katikati ni ethi. Ifunge kwenye bati ili ipoe. Hakikisha gari lako lina ethi hasi.

*Spidometa inacheza kama feni.*

Hiyo haihusiani na umeme. Toa kebo, iangalie kama imepinda au imekauka. Paka grisi kidogo, lakini sehemu ya juu iache kavu, maana grisi hupanda ikaingia kwenye spidometa.

*Nimeweka injini ya Isuzu, sasa joto halisomi sawa hata nikibadilisha stabilaiza.*

Sensa ya Isuzu na geji ya Land Rover hazilingani kwa omu. Ipeleke sensa ya Land Rover kwa fundi wa kuchonga vyuma, akutengenezee adapta yenye uzi wa hedi yako. Mpaka hapo usiiamini hiyo geji mlimani, funga geji ya joto ya pembeni yenye sensa yake.