Raba za kike: chomoa soli ya ndani kabla ya kulipa

Ukienda soko la mitumba kama Karume la Dar es Salaam au Gikomba la Nairobi kutafuta raba ya kutokea, usiishie kutumbukiza mguu na kusema imekutosha. Chomoa soli ya ndani, iweke chini, simama juu yake kwa uzito wako wote, kisigino kikae mwisho wa nyuma. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi kama upana wa kidole gumba cha mkono, na pembeni mguu usimwagike nje. Ukimwagika, iache, hata kama rangi inaendana na magauni yako yote. Mguu hutanuka ukisimama, lakini kitambaa cha juu huvutika kikaficha ubana mpaka kidole cha mwisho kianze kuchubuka. Namba usiiamini sana: 39 ya kampuni moja yaweza kuwa 38 ya nyingine. Kwa mtumba kuna faida ya ziada, maana soli iliyobonyea upande mmoja inakuonyesha jinsi mwenyewe wa kwanza alivyokuwa akikanyaga.

Njia hii haisaidii ikiwa soli imegandishwa kwa gundi, kama zilivyo flati nyingi. Hapo chora mguu wako kwenye karatasi ukiwa umesimama, ikate, uitumbukize ndani. Ikijikunja pembeni, kiatu ni chembamba.