Kukata kitambi na kujaza misuli kwa mpigo: inawezekana, ila ufanye hivi

Kila anayeanza tizi hapa Dodoma lazima aulize hili swali, nikate mafuta kwanza afu ndo nijaze misuli, au nile nijae kwanza kukata kutakuja baadae? Jibu langu ni kwamba kama ndo unaanza mazoezi ya chuma, au una kitambi cha maana, au ulikuwa unapiga tizi ukaacha muda mrefu na saivi unarudi, huna haja ya kuchagua, vyote viwili vinaenda pamoja. Wanaopata tabu ni wale waliopiga chuma miaka na miaka na tayari wamekauka, hao bora washike kimoja kimoja.

Watu wanabisha kwa sababu wamesikia kujenga misuli kunataka kula zaidi na kukata mafuta kunataka kula pungufu, sasa utafanyaje vyote? Ni kweli mafuta hayageuki kuwa misuli, hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Ila kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba kama kalori 7,700, na mwenye kitambi anatembea na kilo nyingi za hiyo akiba, kwa hiyo ukila pungufu kidogo mwili unachota humo nguvu ya shughuli zake zote na kujenga misuli kukiwemo. Kitu ambacho mafuta hayawezi kukupa ni protini, hiyo lazima itoke kwenye sahani, afu misuli nayo lazima ipewe sababu ya kukua, yaani ibebe mzigo mzito. Ukikosa kimojawapo unakonda tu, na sehemu ya unachopoteza ni misuli yenyewe, ndo unakuta mtu kapungua kilo 10 lakini mikono imekuwa myembamba na tumbo bado lipo.

Mwaka 2016 watafiti wa chuo kikuu cha McMaster kule Kanada walichukua vijana wa kiume wenye uzito uliozidi, wakawapunguzia chakula kwa asilimia 40 na kuwapigisha mazoezi makali kwa wiki 4. Kundi moja lilikula protini gramu 2.4 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, lingine gramu 1.2. Wale wa protini nyingi walipoteza mafuta kama kilo 4.8 na wakaongeza mwili usio mafuta (misuli na vinginevyo) kilo 1.2, wenzao walipoteza mafuta kilo 3.5 na misuli ikabaki pale pale. Njaa ilikuwa sawa na tizi lilikuwa sawa, tofauti ni protini. Usiige ule ukali, wale walikuwa chini ya uangalizi na ni wiki 4 tu, ila somo lake lichukue.

Sasa tuje kwenye sahani. Punguza kalori 300 mpaka 500 kwa siku, usizidishe, hii tabia ya kushinda njaa mpaka jioni afu unakunywa maji ya limao inakula misuli yako mwenyewe. Na hizo 300 sio ngumu kuzipata, kijiko kikubwa cha mafuta ya alizeti ni kalori kama 120, na sisi huku alizeti tunayo ya kutosha basi tunaimimina kwenye mboga bila kuangalia. Soda ya nusu lita ni kama 200. Ukitoa soda na ukapunguza vijiko viwili vya mafuta umeshamaliza kazi, ugali wako bado unao. Nasema hivyo maana watu wanakimbilia kuacha ugali kabisa na wiki ya pili wameshachoka na wamerudi kwenye chipsi mayai. Wengine wanahamia ugali wa mtama au uwele wakiamini haunenepeshi, asee kalori zake zinakaribiana na za sembe, uzuri wake ni kwamba unashibisha na unakaa tumboni, kwa hiyo kula, ila punguza tonge.

Protini lenga gramu 1.6 mpaka 2 kwa kila kilo yako. Mtu wa kilo 80 anahitaji kama gramu 130 na inapatikana sokoni Majengo bila kugusa unga wa protini wa kopo. Mayai manne ni gramu 24. Dagaa wakavu gramu 50, ambao ni kama viganja viwili, wanakupa karibu 30, na hao ni kati ya protini za bei rahisi, sielewi kwa nini watu wanawadharau. Kikombe cha maharage yaliyoiva 15, maziwa au mtindi nusu lita 16, kuku au nyama isiyo na mafuta gramu 150 iliyoiva kama 40, na ugali wenyewe unaongezea kidogo. Samaki wa bwawa la Mtera ukiwapata ni wazuri sana, ila wachemshe au wachome. Karanga ndo nataka uwe makini nazo, kila mtu anaziita protini na ni kweli gramu 100 zina protini 25, lakini zina na kalori zaidi ya 550, kwa hiyo mlenda wa karanga weka kijiko sio kikombe.

Na Jumamosi ukienda mnada wa Msalato nenda tu, usijifungie ndani. Agiza nyama choma ya steki, toa mafuta pembeni, kula na kachumbari na ndizi moja, acha chipsi, na badala ya soda au bia kunywa maji. Hiyo ni siku nzuri kabisa ya protini.

Tizi lenyewe siku tatu kwa wiki zinatosha, mwili mzima kila siku ya tizi: skwati, kusukuma kifuani, kuvuta mgongo, kuinua mzigo kutoka chini na kusukuma juu ya kichwa. Seti tatu tatu, marudio 8 mpaka 12, na ya mwisho iwe ngumu kiasi kwamba ungebakiza mbili tu ndo ushindwe. Ukiweza 12 kwenye seti zote, wiki inayofuata ongeza kilo mbili na nusu, andika kwenye daftari, maana usipoongeza mzigo misuli haina sababu ya kukua. Huna hela ya jimu? Dumu la lita 20 likijaa maji ni kilo 20, pushapu ni bure, begi la mchanga unaliongeza kila wiki. Dada zangu na nyie fanyeni hivi hivi, hamtageuka wanaume, homoni zenu haziruhusu. Mbio sikatazi ila ziwe za ziada, kutembea kila siku saa moja asubuhi kabla jua halijawa kali kunasaidia kukata na hakuchoshi miguu.

Lala masaa 7 mpaka 8 kila usiku. Kuna utafiti wa chuo kikuu cha Chicago wa 2010, watu wale wale walikula pungufu mara moja wakipewa muda wa kulala masaa 8 na nusu na mara nyingine masaa 5 na nusu, uzito ulipungua karibu sawa ila walipobanwa usingizi mafuta yaliyotoka yalikuwa chini ya nusu, kingi kilichoondoka kilikuwa mwili usio mafuta, misuli ikiwemo.

Kupima ndo wengi wanakatia tamaa hapo, maana mizani inaweza kukaa pale pale mwezi mzima wakati mafuta yanatoka na misuli inaingia. Nunua tepi ya fundi cherehani, pima kiuno usawa wa kitovu kila Jumapili asubuhi kabla hujala. Kiuno kikipungua na mzigo kwenye daftari ukipanda, uko sawa hata kama kilo hazijasogea. Kiuno kikigoma wiki tatu, punguza tena kalori kama 150. Mzigo ukianza kushuka, ongeza chakula kidogo na uangalie usingizi wako. Na kama una kisukari, presha au shida ya figo, ongea na daktari kabla hujapandisha protini.