Kuzalisha mbuna na ngogo katika tangi moja

Mbuna ni samaki wadogo wa miambani, wa jamii ya sikilidi, kutoka Ziwa Nyasa, ambalo wengine huliita Ziwa Malawi. Kuwafanya watage si shida. Wakipata maji safi na majike ya kutosha watataga wenyewe. Shida ni kuwazuia wasiuane kabla ya hapo.

Anza na tangi la lita 200 au zaidi, urefu sentimita 120. Urefu una faida kuliko kina, kwa sababu dume hulinda eneo lake chini na anayefukuzwa lazima apate pa kukimbilia. Panga mawe juu ya kioo chenyewe kwanza, ndipo umwage mchanga kuyazunguka. Ukitanguliza mchanga, mbuna wataufukua chini ya mawe, jiwe liporomoke na kupasua kioo.

Joto liwe nyuzi 24 hadi 27, na pH, yaani kipimo cha asidi na alkali ya maji, 7.8 hadi 8.6. Maji yakiwa laini, yaani yenye madini kidogo, weka vipande vya mawe ya chokaa ndani ya kichujio. Ila jihadhari: pH inavyopanda, sumu ya amonia, itokayo kwenye kinyesi na mabaki ya chakula, nayo huzidi makali. Kwa hiyo usitie samaki siku ileile ya kujaza maji. Washa kichujio, tia amonia kidogo au chakula kinachooza ili bakteria wanaoila wakue, na usubiri wiki 4 hadi 6 mpaka vipimo vya amonia na nitriti, sumu inayotokana na amonia, visome sifuri. Kisha badilisha theluthi ya maji kila wiki, ukiwa umeshayaondoa klorini.

Dume mmoja kwa majike 4 wanatosha. Wa kuanzia ni Labidochromis caeruleus, yule wa manjano, mpole kwa kipimo cha mbuna. Mbuna wengi ni walaji wa mwani wenye utumbo mrefu, hivyo wape chakula chenye spirulina, aina ya mwani. Nyama ya ng'ombe huwavimbisha tumbo, kinyesi kikawa cheupe kama uzi, na baada ya hapo ni nadra kupona.

Siku ya kutaga, dume hutetemeka mbele ya jike juu ya jiwe bapa. Jike hutaga mayai machache, hugeuka na kuyazoa mdomoni papo hapo, kisha hudonoa madoa ya manjano kwenye pezi la chini la dume. Akidonoa huvuta mbegu, na mayai hurutubishwa mdomoni. Jike mwenye mayai utamjua kwa koo lililotuna na kutafunatafuna bila kula. Huatamia hivyo kwa wiki 3 hivi. Mhamishe siku ya 18, taratibu, kwenye tangi la lita 40, maana akishtuka hutema au humeza mayai, hasa akiwa mzazi mpya. Vifaranga wape chakula kilichosagwa laini na artemia wachanga, vijiduduvi vya maji ya chumvi jamii ya kamba, mara 3 kwa siku.

Sasa ngogo, samaki wa jamii ya kambare. Synodontis multipunctatus wa Ziwa Tanganyika hupenda maji hayohayo, wafugwe 5 au zaidi. Mbuna wakianza kuzungukana, ngogo hujipenyeza kati yao, hula baadhi ya mayai na kumwaga yao. Jike kwa haraka yake huzoa yote. Mayai ya ngogo huanguliwa mapema, na watoto wao huwala wa mbuna humohumo mdomoni. Mara nyingi siku ya 18 jike hutema vitoto vyenye sharubu, wake hayupo hata mmoja.

Ukitaka wote wawili, toa mayai ndani ya siku 2. Lowesha mkono, mshike jike kichwa chini juu ya bakuli la maji ya tangi, na ushushe taya la chini kwa kijiti butu. Mayai ya mbuna ni makubwa, ya ngogo madogo kwa wazi. Yatenganishe kwa pipeti, kila aina chombo chake, na mapovu machache ya hewa yakiyageuzageuza polepole. Hewa ikiwa kali huyaumiza, ikikosekana yanatulia chini na kuoza. Yai likigeuka jeupe liondoe mara moja, kwani ukungu wake huhamia kwa jirani.