Ukisoma vimeng'enya, anza na kiazi
Wanafunzi wa sekondari mnaohangaika na vimeng'enya (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia katika viumbe hai), jaribuni hili. Tia kipande cha kiazi mviringo kibichi kwenye haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa ya kusafishia vidonda. Povu litapanda. Hiyo ni kazi ya katalesi, kimeng'enya kilichomo ndani ya seli za kiazi (hata za ini lako), kinachovunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni. Rudia kwa kipande kilichochemshwa kikaiva, kikapoa: kimya. Joto limeharibu umbo la protini, haiwezi tena kushika molekuli za peroksaidi. Kwenye mtihani, tafadhali, msiandike kimeng'enya “kimekufa”. Hakikuwa na uhai. Kimepoteza umbo lake.