Kipindupindu kikiingia kwenye ploti, tibuni maji ya nyumba zote

Ndugu zangu wa Manyatta, Nyalenda na Obunga, mitaa ya Kisumu, mpangaji mmoja akianza kuharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, msimwangalie yeye peke yake. Wengi wanaoambukizwa kipindupindu hawahisi lolote, ilhali kinyesi chao hutoa vijidudu kwa siku 1 hadi 10. Ndiyo maana ugonjwa huruka nyumba mbili ukatokea ya tatu, na watu wakaanza kulaumiana bure. Mnaochangia choo na kisima, tibuni maji siku hiyohiyo, nyumba zote.

Maji ya kisima cha kuchimba kwa mkono huonekana safi hata kama choo cha shimo kiko hatua chache tu. Chemsheni hadi yatokote vizuri, au tieni klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, msubiri dakika 30. Yenye tope yachujeni kwanza kwa kitambaa safi, maana tope hupunguza nguvu ya dawa.

Halafu kuna mtungi, na hapa ndipo kazi nzuri huharibika. Kila anayetumbukiza kikombe hutumbukiza vidole pia, na maji yaliyotibiwa yanachafuka upya. Tumieni jerikeni yenye mdomo mwembamba na kifuniko, mkimimina.

Mgonjwa apelekwe kituo cha afya mara moja, hata usiku, akinywa njiani: maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai vya kusawazisha, chumvi nusu kijiko cha chai. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonyeshwa.