Jinsi ya kukagua mlango wa dharura kiwandani kwenu

Kabla hujaanza shifti nenda uusukume mwenyewe kwa mkono, usikubali kuambiwa tu eti uko wazi. Machi 25, 1911 kule New York kiwanda cha nguo cha Triangle kiliungua wakafa watu 146, wengi wao mabinti wahamiaji, mlango wa ghorofa ya 9 ulikua umepigwa funguo na ngazi za zimamoto ziliishia ghorofa ya 6, inauma sana. Ndo baada ya hapo jimbo likatunga sheria za mazoezi ya moto na mabomba ya kunyunyiza maji.

Angalia pia mzigo usizibe njia. Ukikuta kufuli ripoti kwa maandishi, sainini wengi, nakala mbaki nayo.