Pembe iliyofichwa kwenye mistari sambamba: tafuta ndogo na kubwa kwanza

Vijana wengi nnaowasaidia hesabu hapa Moshi wanakwama palepale, majina ya pembe wamekariri yote ila wakipewa mchoro hawajui waanzie wapi. Majina weka pembeni kwanza.

Fikiria reli ya Moshi kwenda Arusha, pale iliponyooka. Vyuma viwili vimeachana mita 1, havisogeleani wala havitanuki, hiyo ndo sambamba. Sasa kuna kinjia kinakatiza reli kwa mshazari. Kikipita chuma cha kwanza kinatengeneza pembe 4, cha pili 4, jumla 8, lakini saizi ni mbili tu: ndogo na kubwa. Ndogo zote sawa, kubwa zote sawa, na ndogo moja jumlisha kubwa moja ni nyuzi 180 maana ukiziweka pamoja zinajaza mstari mnyoofu. Kwahiyo ukipewa 65 peke yake kazi imeisha, nne ni 65 na nne ni 115. Kinjia kikikata mraba kabisa, zote 8 ni 90.

Chukua penseli, weka nukta kwenye kila pembe ndogo kabla hujaandika namba yoyote. Zikija na x ndo utaona faida yake, mfano moja ni 3x + 10 na nyingine 2x + 20, angalia: moja ina nukta nyingine haina? Basi jumla 180, 5x + 30 = 180, x ni 30, pembe ni 100 na 80. Zingekuwa zote na nukta ungeziweka sawa, sio kujumlisha, na hapa ndo wengi wanapotea.

Kuna ile ya kiwiko, mstari umekunjika katikati ya sambamba mbili. Usihangaike, pitisha mstari wako wa tatu kwenye kiwiko, sambamba na zile mbili. Kama pembe za ndani, upande kiwiko kilipochomokea, ni 40 juu na 35 chini, kiwiko kimegawanyika 40 na 35, yaani 75.

Ila angalia vimshale kwenye mistari. Kama havipo na swali halijasema sambamba, usiamini macho, hapo unachoweza kutumia ni zile pembe 4 za makutano mamoja tu. Majina utayahitaji ukifika kuandika sababu, na sababu andika kila hatua, ina maksi zake.